Jongoo wa Mjerumani: hivi ni kweli Liemba ilikuwa treni?

Kuna picha imezunguka sana kwenye simu za watu hapa Kigoma. Kichwa cha treni cha zamani, cheusi, kirefu kama nyumba ya wageni, na chini yake magurudumu mengi mpaka unachoka kuhesabu. Juu wameandika: "Treni ya Mjerumani iliyozama Ziwa Tanganyika." Ukiitazama kwa utulivu utaona magurudumu mawili yameyeyukiana yakawa kitu kimoja, na dereva aliyetoa mkono dirishani ana vidole saba. Ni kazi ya kompyuta. Lakini aliyeitengeneza hakutunga hadithi. Hadithi ni yetu, ilikuwepo vijiweni kabla simu hazijafika.

Mimi niliisikia Ujiji, kwenye kahawa, kwa mzee mmoja ambaye akianza kusimulia hata muuza kashata husahau kudai hela yake. Anasema Mjerumani alipofikisha reli Tabora, maji yalimsumbua. Akaamua kuunda kichwa kitakachobeba maji ya safari nzima. Maji yakawa mazito, akaongeza magurudumu. Magurudumu yakafika arobaini, kichwa kikawa kirefu, watu wakakiita Jongoo. Mlimani Jongoo akawa anateleza, basi akafungwa miguu ya chuma nyuma ili ajisukume. Kuni zikaisha, akatiliwa mawese, na kila alikopita palinukia kama pana harusi. Jongoo akatoka Tabora na behewa moja tu, la bwana mkubwa, kwa sababu nguvu zote ziliishia kujibeba mwenyewe. Siku ya nne akaliona ziwa. Kiu ikamshika, akapitiliza stesheni, akaenda kunywa, akazama. Mwingereza alipokuja akamwibua, akamkata magurudumu, akampaka rangi.

"Ndiyo hiyo Liemba," mzee humalizia, akimaanisha meli kongwe ya ziwa letu, na kunyoosha kikombe aongezewe.

Jongoo hakuwahi kuwepo. Nalisema mapema asije mtu akaenda Kibirizi na kamba kutafuta vyuma chakavu. Ila nilipoanza kuichambua hadithi hii ili nimbishie mzee, nilikuta jambo lililonifanya niache ubishi nikae niandike. Kila kasoro ya Jongoo, ukiondoa ile ya kiu, iliwahi kufanywa na fundi wa kweli, mwenye akili zake, kwa fedha za watu. Na mashine iliyokuwa na sura ya kuchekesha kuliko zote ndiyo iliyokuja kufanya kazi ya maana Afrika Mashariki.

Tuanze na majina, maana ugomvi mwingi wa kijiweni huanzia hapo. Treni ni msafara mzima. Kichwa ni kile kinachovuta, na mabehewa ndiyo yanayovutwa. Garimoshi, kwa asili yake, ni gari la moshi, yaani linalochoma kitu, lakini wazee huliita hivyo hata lile la umeme la Dar es Salaam na Dodoma, lisilotoa moshi hata wa sigara. Si kosa, jina limeshazoeleka. Kosa lipo kwenye neno SGR, jina la reli yetu mpya. Sasa kwa kuwa kipande cha Tabora hadi Kigoma nacho kimo kwenye mradi huo, kila mtu ana maelezo yake, na wengi wanadhani SGR ni aina ya injini. SGR ni upana. Kutoka reli moja hadi ya pili ni milimita 1,435. Reli yetu kongwe, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000, yaani mita moja kamili. TAZARA ina 1,067. Ungeweza kuweka kichwa cha mvuke juu ya SGR na kikaenda bila taabu, tena upana huo wenyewe ni urithi wa reli za mvuke za George Stephenson kule Uingereza. Umeme ni habari nyingine kabisa. Ushike huo upana wa mita moja, tutaurudia.

Sasa mvuke. Moshi hutoka kwenye moto, mvuke hutoka kwenye maji. Rahisi hivyo, lakini watu huvichanganya kwa sababu kwenye garimoshi vyote viwili hutokea kwenye dohani moja. Siku ukikaa kwenye kahawa, tazama birika linapochemka. Lile wingu jeupe si mvuke hasa, ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Kati ya mdomo wa birika na pale wingu linapoanzia pana nafasi kama ya upana wa kidole ambapo huoni kitu. Mvuke upo hapo. Peleka kidole utaamini.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukiipa nafasi hiyo, hupanda zake hewani. Ukiinyima, husukuma, na ndiyo maana kifuniko cha birika hucheza. Kichwa cha treni ni birika kubwa lililolazwa, linaitwa boila, lenye moto upande mmoja na mabomba ya moshi yanayopita katikati ya maji. Mvuke hufungiwa humo hadi uwe na hasira, kisha huachiwa kidogo kidogo kuingia kwenye silinda. Ndani ya silinda mna pistoni. Pistoni husukumwa mbele na nyuma, fimbo ya chuma huupeleka msukumo huo kwenye magurudumu, na safari huanza. Mvuke uliokwisha kazi hutupwa nje kupitia dohani. Ile sauti ya "chu, chu, chu" ni huo unaotupwa.

Na hapo pana ujanja ambao mimi naupenda kuliko mengine yote. Mvuke unapofyatuka kwenye dohani huuburuta moshi pamoja nao, na moshi ukitoka, hewa mpya huvutwa kuingia kwenye moto. Kwa hiyo kichwa kinapopanda mlima na kutumia mvuke mwingi, moto wake huwaka zaidi wenyewe. Ni kama mhunzi ambaye mivukuto yake ingejipuliza kila anapoinua nyundo.

Turudi kwa Jongoo na miguu yake. Hii ndiyo sehemu inayochekwa kuliko zote, na ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli. Mwaka 1804 huko Wales, Richard Trevithick aliendesha kichwa chake kwenye reli ya Penydarren, kikavuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70, karibu kilomita 16. Magurudumu ya chuma hayakuteleza. Reli ndizo zilizovunjika, kwa sababu zilikuwa za chuma cha kumimina, na kichwa kilikuwa kizito. Hata hivyo watu wengi hawakusadiki. Chuma laini juu ya chuma laini, walisema, lazima kiteleze. Mwaka 1812 John Blenkinsop wa Leeds akaweka meno kwenye reli na gurudumu lenye meno la kuyashika. Mwaka 1813 William Brunton akaenda mbali zaidi: akatengeneza kichwa chenye miguu miwili ya chuma kwa nyuma, iliyokanyaga ardhi na kusukuma kwa zamu, kama konda na utingo wanaosukuma gari lililozimika. Watu walikiita farasi wa mvuke.

Kilitembea. Kweli kabisa, kilitembea, kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Mwaka 1815 kingine cha Brunton, kikubwa zaidi, boila lake lililipuka huko Durham na kuua watu kadhaa. Miguu haikuwa na hatia katika hilo, lakini hakuna aliyekuwa na hamu nayo tena. Wakati huo William Hedley wa Wylam alikuwa ameshapata jibu kwa njia isiyo na mbwembwe: alichukua toroli zito, akapandisha wanaume juu yake wazungushe magurudumu kwa mikono, akaangalia lini yatateleza. Akaona kwamba uzito ukitosha, hayatelezi.

Ni uzito tu. Mwenye bodaboda wa Kigoma anayajua haya bila kusoma popote. Masika, kwenye kile kilima chenye udongo mwekundu, gurudumu la nyuma likianza kuzunguka bure, humwambia abiria, "Kaka, rudi nyuma kidogo." Uzito ukikaa juu ya gurudumu linalosukuma, gurudumu hushika. Kwenye reli kavu, kila tani nne zilizokalia magurudumu yanayosukuma hukupa kama tani moja ya kuvuta. Mvua ikinyesha hupungua sana, na ndipo dereva anapofungulia mchanga. Usishangae: vichwa vya treni hubeba mchanga mkavu na kuumwaga juu ya reli mbele ya magurudumu, mpaka leo, hata vya umeme.

Kama uzito ndio ushikaji, kwa nini basi tusilundike uzito tu? Kwa sababu ya reli. Kila reli, na kila daraja, lina kiasi cha uzito linachoweza kubeba chini ya kila ekseli moja, yaani ile fimbo nene inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ukitaka kuongeza uzito bila kuvunja reli huna budi kuongeza ekseli, na hapo ndipo Jongoo anapoota miguu yake arobaini. Mtu akiambiwa hivi hucheka na kusema hakuna mhandisi mjinga kiasi hicho. Yupo, na hakuwa mjinga. Mwaka 1934 Umoja wa Kisovyeti uliunda kichwa kilichoitwa AA20. Kilikuwa na magurudumu 22, na kati ya hayo 14 yalikuwa ya kusukuma, saba kila upande, yote yamefungwa pamoja kwenye fremu moja ngumu. Kwa karatasi hesabu ilikuwa safi, kwa sababu hakuna ekseli iliyozidi tani 20 na nguvu ilikuwa ya kutisha. Walikipeleka Moscow kikaonyeshwa, picha zikapigwa.

Kisha kikapelekwa kwenye kona.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, chukua boriti ya mninga ya futi 20, ubebe na mwenzako, jaribuni kuipitisha kwenye vichochoro vya Ujiji. Njia nyoofu hamna shida. Kwenye kona, ama boriti itabomoa ukuta ama mtarudi mlikotoka. AA20 kilibomoa ukuta. Kilitanua reli kilikopita, kikaharibu njia panda za reli, na kikatoka relini. Kikawekwa ghalani miaka mingi, na mwaka 1960 kikakatwakatwa. Sikuona mahali walipojaribu kukigeuza meli.

Sasa kero ya maji, ambayo kwetu huku haikuwa mzaha. Kichwa kikubwa cha mvuke kikilemewa na mzigo, lita 100 za maji kwa kilomita si ajabu. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ya zamani ni kama kilomita 400. Lita 40,000 basi, na lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tani 40 za maji peke yake, bila tangi la kuyatilia. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa, kilomita 1,250 hivi, utahitaji tani 125. Maji hayo hayalipi nauli. Ni kama mtu anayetoka Kibirizi na dumu la lita 20 kichwani kuelekea Mwanga, na kwa jinsi dumu linavyomchosha analinywa lote njiani. Amefika, kweli, lakini amebeba nini?

Dawa iliyotumika ni ile ya kawaida: usibebe, utayakuta mbele. Kila baada ya umbali fulani paliwekwa stesheni yenye tangi la maji juu ya mnara, kichwa kinasimama, kinakunywa, kinaendelea. Ukiona stesheni katikati ya pori, mahali ambapo hata leo hakuna kijiji cha maana, ujue huenda ilizaliwa na kiu ya mashine.

Kuna waliojaribu dawa nyingine, ya mashine kunywa mvuke wake. Mzee wetu ana toleo la hadithi ambamo Jongoo anafanya hivyo na kwa hiyo hahitaji maji milele, jambo ambalo haliwezekani maana daima kuna kinachovuja. Lakini kupunguza kiu kunawezekana. Kuanzia mwaka 1953 Afrika Kusini iliingiza vichwa 90 vya aina ya 25 kwa ajili ya nyika kavu ya Karoo. Mvuke uliokwisha kazi haukutupwa juu. Ulipelekwa nyuma kwenye behewa refu lenye mapangaboi makubwa, ukapozwa ukawa maji, ukarudishwa kwenye boila. Maji yaliokolewa hadi asilimia 90. Ajabu hiyo, siyo?

Ila kumbuka ujanja wa dohani. Kama mvuke hautupwi tena juu, nani atauvuta moshi na kupuliza moto? Ikabidi wafunge pangaboi jingine mbele, linalozungushwa na mvuke, livute moshi. Jivu na masizi vikawa vinalila pangaboi lile. Na vichwa hivyo havikusema "chu, chu", vililia kama mashine ya kusaga. Vilifanya kazi, vilisaidia, lakini matunzo yake yalikuwa mzigo, na kuanzia miaka ya 1970 vikaanza kubadilishwa kuwa vya kawaida, ambavyo hutupa mvuke na kunywa stesheni.

Nami naomba nimchomekee hapa mtu ambaye hadithi yetu imemsahau, mchochea moto. Katika hadithi za treni dereva ndiye shujaa. Uingereza, mwaka 1949, Oliver Bulleid alitoa kichwa kilichoitwa Leader, chenye umbo la sanduku, na vyumba vya dereva huku na huku ili kisihitaji kugeuzwa. Wazo zuri. Mchochea moto akawekwa katikati, peke yake, kwenye kijichumba kilichobanana na boila. Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri. Kimoja tu ndicho kilichokamilika hadi kujaribiwa, na kufikia mwaka 1951 mradi wote ulikuwa umeuzwa kama vyuma chakavu.

Basi, tuna mashine inayotaka uzito mwingi, ekseli nyingi, boila kubwa, maji tele, na yote hayo kwenye reli yenye upana wa mita moja na kona za kushuka milimani. Ukimwambia fundi yeyote atakuomba muda akafikirie. Herbert William Garratt, Mwingereza, alifikiria na mwaka 1907 akachukua hati ya ubunifu wake. Kwa nini boila likalie magurudumu? Aliweka seti moja ya magurudumu mbele na nyingine nyuma, kila moja na silinda zake na mzigo wake wa maji au wa kuni na mafuta, halafu boila akalining'iniza katikati kama daraja.

Rudi kwenye kichochoro cha Ujiji, lakini safari hii badala ya boriti mmebeba machela yenye mgonjwa. Wa mbele anageuka kwenye kona kwa miguu yake, wa nyuma anageuka kwa yake wakati wake, na mgonjwa amelala katikati haguswi na ukuta. Garratt ni machela. Na kwa kuwa chini ya mgonjwa hamna magurudumu, mgonjwa anaweza kuwa mnene upendavyo.

Walikuwa wanene haswa. Vichwa vya aina ya 59 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester kuanzia mwaka 1955, vilikuwa 34, na kila kimoja kilibeba jina la mlima. Uzito wake tani 252. Boila lake lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2.2, juu ya reli ya mita moja. Yaani birika lenye upana zaidi ya mara mbili ya njia linayopita! Hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita moja vilivyovishinda nguvu. Hivyo vikubwa vilipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na kimoja, Mount Gelai, kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi. Garratt nyingine, ndogo zaidi, zilifanya kazi upande wa Tanganyika.

Mimi naamini Jongoo alizaliwa hapo. Mtoto amesimama kando ya reli, anaona kitu chenye tangi mbele, magurudumu lukuki, tumbo kubwa katikati, halafu magurudumu lukuki tena, na hakijulikani kinaelekea upande gani. Anakimbia nyumbani kusimulia. Hakuna atakayemwamini, kwa hiyo anaongeza miguu.

Mawese yasitushughulishe sana. Mafuta huungua, na kilo ya mafuta hutoa joto zaidi ya mara mbili ya kilo ya kuni, kwa hiyo vichwa vingi Afrika Mashariki vilihamia mafuta mazito baada ya miaka ya kuni. Mawese nayo yangewaka. Watu huuliza, je, asubuhi ya baridi mawese si huganda? Huganda, kila mwenye chupa ya mawese jikoni ameona ile sehemu ya njano iliyokaa chini. Lakini yale mafuta mazito ya treni nayo yalikuwa hayatiririki vizuri yakipoa, yalipashwa moto kwa mvuke ndani ya tangi kwanza. Kilichozuia mawese ni bei. Hakuna mtu mwenye akili angechoma mawese ya Kigoma ili kusafirisha mzigo ambao huenda ni mawese ya Kigoma.

Inabaki Liemba. Hapa hadithi imekoroga mambo ya kweli kwa ustadi ambao mimi siuwezi. Meli hii ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, ikaitwa Graf von Götzen. Baada ya kuunganishwa ikafunguliwa tena, ikapangwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilikuja huku kwa reli. Kwa hiyo ndiyo, ilifika kwa treni, ila kama mzigo. Iliunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, katikati ya vita. Na ilikuwa na boila, silinda na pistoni, na ilichoma kuni. Mashine yake na ya garimoshi ni ndugu wa baba mmoja, tofauti ni kwamba huyu wa majini hana shida ya kona, hana shida ya ekseli, na kiu yake haimtishi kwa kuwa ameketi juu ya ziwa. Ule uzito wote uliommaliza Jongoo, yeye anabebewa bure.

Ilizama pia. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaondoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene, kila mahali, kama mtu anayehifadhi samaki kwa chumvi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo bado mizima, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba. Mvuke wenyewe uliondolewa miaka ya 1970, ikawekwa injini za dizeli.

Basi mzee hakudanganya kwamba kitu cha mvuke cha Mjerumani kilifika Kigoma kwa reli, kikazama, kikaibuliwa na Mwingereza na kubadilishwa jina. Amekosea sehemu moja ndogo.

Nilimpelekea haya yote siku ya Jumapili, nimeyaandika kwenye daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake. Alipomaliza kikombe akauliza, "Hicho cha Mrusi, umesema magurudumu mangapi?"

"Ishirini na mawili, mzee."

"Mwaka?"

"1934."

Akatikisa kichwa taratibu. Alhamisi iliyofuata nimepita pale, nimekuta vijana watatu wa chuo wamemzunguka, na Jongoo anatoka Tabora kama kawaida. Lakini safari hii, kabla hajaliona ziwa, kuna Mrusi amekuja kumchora kwenye karatasi, akaenda kwao kujaribu, mwaka 1934, akaambulia magurudumu 22 tu kati ya arobaini. "Hamniamini?" mzee akasema, akaninyooshea kidole. "Muulizeni huyo, ana daftari."